Kila mtoto asome kwa mdomo wake: mwongozo wa somo la kusoma katika darasa lililojaa, Goma

Darasa la watoto sabini linaweza kusoma ubao mzima kwa sauti moja, kuanzia mstari wa juu hadi wa chini, na mwalimu asijue nani anasoma na nani anafuata mdomo wa jirani. Ukitaka kuhakikisha, gusa neno la katikati, kisha la mwisho, kisha la mwanzo, na umwite mtoto mmoja mmoja. Wengi watanyamaza. Mstari wameushika kichwani kama wimbo wa kanisani, herufi zenyewe hawajazitazama.

Hapa kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, hali hii ina sababu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na madarasa yakajaa. Kisha vita vikaleta familia kutoka Masisi na Rutshuru, shule zikafungwa na kufunguliwa tena, na vitabu havikuongezeka kadiri watoto walivyoongezeka. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza hadi wa tatu ambaye ana watoto wengi, vitabu vichache, ubao mmoja na chaki. Lengo ni hili: kila siku, kila mtoto ayatazame maandishi kwa macho yake, ayaguse kwa kidole chake na ayatamke kwa mdomo wake, walau mara moja.

Hatua ya 1: Jua nani anasoma nini

Pima kwanza, ndipo ufundishe. Chukua karatasi moja uigawe sehemu nne: herufi kumi, silabi kumi, maneno mafupi kumi, na aya ya sentensi nne. Kipimo cha ngazi kama hizi kimezoeleka kwa majirani zetu. Uwezo, mpango wa kupima usomaji ulioanza 2009, wamewapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa namna hiyo, na kabla yao shirika la Pratham lilikuwa likifanya hivyo India. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji pesa wala mtaalamu.

Wengine wakiwa wananakili, mwite mtoto mmoja karibu na mlango, penye mwanga. Mwanzishe kwenye maneno. Akiyasoma, mpandishe kwenye aya. Akishindwa, mteremshe kwenye silabi, na ikibidi kwenye herufi. Dakika mbili zinatosha. Usimsahihishe wakati huo, kwa sababu unataka kujua anachokiweza leo. Andika kando ya jina lake H, S, N au A kulingana na alipofika. Aliyesoma aya yote, muulize maswali mawili juu yake. Akiwa ametamka vizuri lakini hajui alichosoma, ongeza alama ya kuuliza. Huyo naye ana kazi mbele yake.

Matokeo yabaki kwenye daftari lako. Watoto utawapanga kwa ngazi, na umri usikuzuie: mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekosa shule kwa kukimbia vita atajikuta kwenye silabi pamoja na wa miaka saba, na hilo linauma. Mpe kazi ya ukubwa wake: agawe kadi, atunze sanduku la vitabu, aongoze benchi wakati wa hesabu kama anaziweza. Usimuulize mbele ya wenzake alikotoka wala aliyempoteza.

Hatua ya 2: Tengeneza vifaa kwa vilivyopo mtaani

Kartoni za sabuni na biskuti unazipata kwa mama yeyote mwenye duka. Kata kadi zenye ukubwa wa kiganja, uandike silabi moja kwenye kila kadi, herufi ndogo, nene, zenye nafasi. Irabu ziwe kwa rangi moja na konsonanti kwa nyingine, biki nyekundu na ya bluu zinatosha. Kila benchi ipate bahasha yake ya kadi ishirini. Anayezigawa asubuhi ndiye azihesabu jioni.

Kwa kitabu kikubwa, tafuta mifuko ya saruji ya karatasi kwa mafundi wa ujenzi. Ikung'utie nje, mbali na watoto, ukiwa umefunika pua na mdomo. Tabaka la katikati ndilo safi zaidi. Lipanguse kwa kitambaa kisicholowa sana, likauke, ulikunje na kulishona kwa uzi. Maandishi ya kalamu nene yataonekana hadi benchi ya nyuma. Makala, yaani makaa, usiyatumie kuandikia, yanachafua mikono na kufutika.

Mchanga mweusi wa mji wetu pia una kazi. Uchunge vizuri ili chembe kali zitoke, uumwage kwenye mfuniko wa kartoni, na mtoto aandike herufi kwa kidole huku akiitamka. Akikosea anautikisa na kuanza upya, bila kumaliza karatasi. Watoto wanaoogopa biki huandika humo kwa furaha.

Hatua ya 3: Panga herufi kwa mpangilio unaosaidia

Usifuate a, b, c. Anza na irabu tano, kisha m, t, k, l, b, p, kwa kuwa hizo peke yake zinatoa maneno mengi ya kila siku. Baadaye ziingie n, s, z, w, y na nyinginezo, kisha sauti za pamoja kama mb, nd, ng, nj, halafu ch, sh, ny na ng'. Acha dh, th na gh mwisho kabisa. Mtoto wa Goma husema zahabu badala ya dhahabu na samani badala ya thamani kwao, kwa hiyo sauti hizo ni ngeni kwake hata kabla hajaziona zimeandikwa.

Taja sauti ya herufi, usitaje jina lake. Wengi wetu tulifundishwa herufi kwa majina ya Kifaransa, na tunamwambia mtoto «emu na a» tukitarajia aseme «ma». Njia hiyo inamchelewesha. Sema «mmm», vuta, kisha ungana na «a».

Kwa herufi za mwanzo pekee unaweza kuandika hadithi nzima. Hii inatumia irabu na m, t, k, l, b, p tu:

Mama alitoka Kituku. Alibeba kikapu. Kalume aliita: Mama, leta mkate! Mama alileta mkate. Kalume alikula, akalala.

Mtoto aliyejifunza irabu na konsonanti sita anasoma juu ya Kituku, soko analolijua, tena kwa haki, bila kubahatisha. Furaha ya siku hiyo haielezeki. Andika nyingine kama hiyo kila wiki, ukiongeza herufi moja au mbili.

Hatua ya 4: Nusu saa ya somo

Dakika tano za kwanza ni za masikio. Vitabu vimefungwa, ubao ni mtupu. Pigeni makofi kwa silabi: chu-ku-du (kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo), sa-mba-za (samaki wadogo wa ziwa letu), m-to-to. Katika m-to-to, m inapata kofi lake peke yake, na watoto wengi huliruka. Kisha uliza: nani ana neno linaloanza kama kikapu? Atatokea wa kusema kuku, mpokee na umwonyeshe kwamba ki na ku zinashiriki k. Mchezo huu unaonekana wa watoto wadogo, lakini asiyesikia silabi kwa masikio hataziona kwa macho.

Dakika tano zinazofuata ni za silabi na maneno. Onyesha kadi bila mpangilio, kamwe usizionyeshe ma, me, mi, mo, mu kwa zamu ile ile kila siku, maana wataimba. Kisha waunde maneno kwenye benchi kwa kadi zao: ka na la na mu, wasome, wabadilishe moja, wasome tena.

Halafu matini. Yasome kwanza mwenyewe, polepole, ukipitisha kijiti chini ya kila neno. Yasomeni pamoja mara moja. Mara moja tu! Hapa ndipo walimu wengi tunapopotea, tunarudia kwa pamoja mara tano au sita kwa kuwa darasa linasikika zuri na direkta akipita anafurahi. Kila marudio ya pamoja baada ya lile la kwanza yanawapa nafasi ya kujificha wale wasiosoma.

Kuanzia hapo wasome wawili wawili, kwa dakika kumi, na hizi ndizo dakika kuu za somo. Mmoja anasoma, mwenzake anashika kidole chini ya maneno na kuhakikisha hakuna lililorukwa. Wakifika mwisho wanabadilishana. Kama hakuna vitabu, matini yawe yamenakiliwa kwenye kipande cha kartoni, kimoja kwa kila watu wawili. Ukivitunza vitakutumikia mwaka ujao. Sauti iwe ya kunong'ona. Bado kutakuwa na kelele, na kelele hiyo ni kazi inayofanyika.

Dakika za mwisho ni za maswali na imla. Uliza swali moja ambalo jibu lake limeandikwa (Nani alibeba kikapu?) na moja ambalo jibu halikuandikwa (Kwa nini Kalume aliita?). Kisha imla ya maneno mawili na sentensi moja fupi, kwa silabi za siku hiyo tu.

Shule yako ikiwa na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na muda ukakatwa, punguza kunakili ubaoni. Kusoma wawili wawili usikupunguze. Mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima huku mawazo yake yako kwingine.

Mvua ikianza kupiga mabati, usishindane nayo, hakuna atakayekusikia. Huo uwe muda wa kusoma kimya: kila mmoja na kartoni yake, au sanduku la vitabu lizunguke, na wewe upite ukitazama vidole.

Hatua ya 5: Sikiliza benchi mbili kila siku

Tuseme una watoto 72 kwenye benchi 18, wanne kila moja. Ukisikiliza benchi mbili kwa siku wakati wengine wanasoma wawili wawili, unawasikia watoto wanane, na baada ya siku tisa za masomo umemsikia kila mtoto peke yake. Andika tarehe kando ya jina. Bila orodha utajikuta unawasikia wale wale wanaokaa mbele na kunyoosha vidole.

Mtoto akikwama, nyamaza. Hesabu hadi tano moyoni. Mara nyingi anajikwamua mwenyewe, na neno alilolipata hivyo halimtoki. Akishindwa, ziba neno kwa kidole gumba, mwachie silabi ya kwanza, kisha ya pili, kisha aunge zote. Usimpe neno zima haraka, wala usiruhusu jirani kulipaza. Anayemcheka mwenzake akatazwe tangu siku ya kwanza na kila siku, kwa sababu mtoto aliyechekwa hufumba mdomo, na mdomo ukishafumbwa huna cha kumsikiliza.

Tofautisha makosa pia. Imeandikwa watoto, mtoto akasoma batoto. Huyo amesoma, ameelewa, na amesema jinsi wanavyosema kwao. Mwache amalize, kisha rudi naye kwenye ile w: «Hapa imeandikwa nini?» Lakini imeandikwa kikapu naye akasema kitabu: huyu ameona ki akabahatisha. Msimamishe papo hapo, apite silabi kwa silabi. Kosa la kwanza litajirekebisha kwa kusikia Kiswahili cha vitabuni mara nyingi. La pili ukiliacha litakuwa tabia.

Hatua ya 6: Andikeni matini yenu

Vitabu vichache vikishasomwa na kukaririwa, matini mapya yatoke kwa watoto wenyewe. Ijumaa waambie wakusimulie jambo la wiki: chukudu iliyokwama kwenye mawe, foleni ya maji na mabidoni, sambaza waliokaangwa nyumbani kwa jirani. Andika sentensi zao ubaoni, zisomwe, zihamishwe kwenye karatasi ya saruji, na kitabu cha darasa kinaanza kunenepa. Mtoto anasoma kwa bidii sentensi iliyotoka kinywani mwake.

Kwa mwaka wa tatu, ingiza maarifa wanayoyahitaji. Mfano wangu ninaoupenda ni huu:

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini. Haionekani wala haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayopumua, kwa hiyo hukaa mashimoni na mabondeni. Usiku na asubuhi mapema, kama hakuna upepo, hujaa zaidi. Mbuzi akiingia shimoni anaweza kufa. Mtu pia. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usishuke. Rudi ukamwambie mtu mkubwa, naye asishuke.

Baada ya kusoma, uliza: kwa nini hewa hii hukaa chini? Kisha uliza gumu zaidi: baba na mtoto wamesimama mahali pamoja, nani yuko hatarini zaidi? Watatazamana kimo, watafikiri, na mmoja atasema mtoto, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Jibu hilo halipo kwenye matini. Amelifikia kwa kusoma na kuwaza, na siku moja linaweza kumwokoa mdogo wake.

Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu, inatoa masomo mengine: rangi zake za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, na kila rangi inataka watu wafanye nini. Watoto wanakumbuka au wamesimuliwa mlipuko wa Mei 2021, wakubwa wao wanakumbuka ule wa Januari 2002. Waulize nyumbani, waandike mstari mmoja, walete. Kwa watoto ambao moto huo uliwachukulia nyumba, chagua somo lingine au waache wasikilize tu.

Hatua ya 7: Kuvuka kuelekea Kifaransa

Sheria ya elimu namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia masomo. Hata hivyo, shule nyingi za mjini zinaanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza ili kuwaridhisha wazazi. Naona tunawabebesha watoto mizigo miwili kwa pamoja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha wasiyoisikia nyumbani. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili anavuka haraka, mradi umwonyeshe kinachobadilika.

Bandika ukutani safu mbili. Ya kwanza ni ya herufi zinazobaki na sauti yake: m, l, t, p, b, d, f, v, n. Ya pili ni ya zile zinazodanganya: u inasomwa kwa midomo iliyochongoka, na sauti yetu ya u huandikwa ou, ch inasomwa kama sh yetu, e mara nyingi hainyoshwi kama yetu na mwishoni mwa neno hunyamaza, t ya mwisho wa petit haisikiki. Anza na maneno waliyonayo tayari kinywani. Moto, ile pikipiki, inaandikwa na kusomwa kama walivyozoea. Vélo inahitaji alama moja tu juu ya e. Bidon ndiyo inayowashangaza, kwa kuwa wamezoea kusema bidoni: hapo wafundishe on. Chou waisome baadaye, ina mitego miwili kwa mpigo.

Hatua ya 8: Ifuate kazi hadi nyumbani

Mzazi ambaye hakusoma anaweza kusaidia sana, na mkutano wa wazazi ni mahali pa kumwambia hivyo waziwazi. Mwambie: «Mama Kalume, kaa naye kabla giza halijaingia, mwambie akusomee, tazama kama kidole kinasogea, kisha muulize: imesema nini?» Maneno hayo hayahitaji yeye ajue herufi. Kama kuna yaya, yaani dada au kaka mkubwa, aliye mwaka wa tano au wa sita, mpe yeye kazi hiyo na umshukuru ukikutana naye uani.

Mitaani nako kuna maandishi: vibao vya maduka, majina kwenye mabasi, «Hapa tunauza makala». Mpe kila mtoto kazi ya kuleta neno moja aliloliona njiani. Na kama una simu yenye intaneti, African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi za Kiswahili zinazoruhusiwa kunakiliwa bure. Pakua moja penye mtandao, uinakili kwenye karatasi ya saruji, na darasa limepata kitabu.

Hatua ya 9: Pima tena kila baada ya wiki sita

Karatasi ya ngazi zile zile, maneno mengine. Aliyetoka S akafika N, mbadilishie kikundi siku hiyo hiyo, asibaki pale kwa mazoea. Kikundi ambacho hakijasogea kabisa, usiwalaumu watoto kwanza: rudi kwenye orodha uone kama kweli uliwasikia.

Mtoto mmoja akibaki palepale wakati wenzake wa benchi wamesonga, chunguza mwili wake. Simama nyuma yake hatua chache, umnong'oneze jina lake, uone kama anageuka. Mtazame anaposoma ubaoni: anakunja macho? Anainamisha kichwa upande mmoja? Anasoma vizuri kwenye kadi na kushindwa ubaoni? Mwite mzazi wake kando, mweleze ulichokiona bila kumtisha, na umwombe ampeleke kituo cha afya apimwe macho na masikio. Wakati mnasubiri majibu, mhamishie benchi ya mbele, upande wa dirisha, na kadi zake uziandike kwa herufi kubwa zaidi.